Lengo la Jumanne: Namna ya Kudumu na Mazoezi ya Jimu

Januari jimu za mitaani hufurika. Watu hupanga foleni kwenye mashine ya kukimbilia, na mwenye jimu huongeza viti vya kusubiria. Ikifika Machi wamebaki wale wale wa mwaka jana. Walioacha si wavivu. Wengi wao huamka saa 10 usiku kuwahi daladala, hurudi jioni wakapika, wakafua, wakasimamia watoto. Mtu wa aina hiyo hakosi bidii. Alichokosa ni lengo linaloweza kukaa ndani ya siku yake.

Mwulize mgeni wa jimu amekuja kufanya nini, atakwambia: nataka kukata kitambi. Au: nipungue kilo 15 kabla ya harusi ya mdogo wangu. Nia ni njema, lakini hakuna mtu anayeamka asubuhi akakata kitambi. Kitambi kinapungua taratibu, na kasi yake hutegemea chakula, usingizi, umri, hata dawa unazotumia. Kwenda jimu Jumanne, hilo liko mikononi mwako. Kwa hiyo weka lengo la tendo, ulipe siku, saa na mahali: "Jumanne na Ijumaa, nikitoka kazini, saa 12 jioni, napitia jimu kabla sijafika nyumbani."

Hayo maneno ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Ukishafika nyumbani ukavua viatu, mtoto akakuletea daftari la hesabu, na mchuzi unanukia jikoni, kutoka tena kunahitaji moyo wa chuma. Raba na nguo za mazoezi zikae kwenye mkoba tangu asubuhi.

Mazoezi kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Juu yake aongeze mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kama umekaa miaka bila mazoezi, hapo ndipo unapoelekea, usipaanzie. Siku mbili kwa wiki, dakika 20 kila siku, zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Mwili unafaidika hata na kidogo, na kidogo unachokirudia kila wiki kinakujengea njia ya kufikia kingi.

Andika, hata nyuma ya daftari la mikopo

Fundi cherehani mmoja alinionyesha daftari lake. Kurasa za mbele ni majina ya wateja na vitambaa walivyokopa. Ukiligeuza, nyuma ameandika kwa kalamu nyekundu: "J4: kuchuchumaa 8, 8, 6. Dambeli kilo 3." Mstari unaofuata: "Ij: mvua. Nimeruka kamba barazani dk 10." Wiki tatu chini yake: "J4: kuchuchumaa 10, 10, 10. Dambeli kilo 4." Mizani haikuwa imesogea, akaniambia, na angekuwa anategemea mizani peke yake angeshaacha.

Alichokiona ni cha kweli. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijaanza kujaa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Uzito nao hupanda na kushuka kwa kilo moja au zaidi kwa ajili ya maji na chumvi tu, na kwa wanawake hedhi pia huchangia. Ukitaka kupima, pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Chukua pia futi ya fundi uzungushe kiunoni: kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 160, kiuno chake kisifike 80.

Siku ukikosa

Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Tendo liligeuka mazoea baada ya siku 66 kwa wastani. Kuna waliohitaji siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Waliochagua mazoezi ya mwili walichelewa kuliko waliochagua kunywa maji. Kukosa siku moja hakukuwarudisha mwanzo. Basi mtoto akiugua au kukiwa na msiba, nenda kwenye shughuli zako kwa amani, urudi siku inayofuata kwenye ratiba. Usijaribu kulipa deni kwa kufanya mara mbili. Ndivyo watu wanavyoumia.

Nyumba nzima ijue

Hapa ndipo malengo mengi ya akina mama yanapofia. Baba anakwenda jimu, sahani yake inafunikwa. Mama akienda, kazi zinamsubiri. Kaeni mkubaliane nani anapika Jumanne. Asiye na ada ya jimu naye asiachwe nje: dumu la maji la lita 5 ni kilo 5, na ngazi hazilipishwi.

Maumivu ya misuli ya siku moja hadi tatu baada ya mazoezi ni ya kawaida. Kifua kikibana, ukaishiwa pumzi kupita kiasi au ukaona kizunguzungu, acha papo hapo uende hospitali. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya mazoezi na awe na kitu kitamu mfukoni. Unaponyanyua chuma usibane pumzi.

Baada ya wiki nne, fungueni daftari pamoja. Kama siku mbili zimetimia bila kukuelemea, ongeza ya tatu au ongeza kilo moja. Kama umetimiza nusu, punguza lengo au badilisha saa. Kalenda iwe ukutani karibu na meza ya chakula, kalamu ifungwe kwa uzi pembeni yake, na mtoto apewe kazi ya kuweka alama mama au baba akirudi na jasho.