Kabla ya Kumrudisha Simba: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni mtu wa Arua, na biashara hunipitisha daraja la Pakwach, ambako ng'ambo ya Nile inaanza mbuga ya Murchison. Kule simba wapo. Upande wetu wa West Nile wamebaki katika hadithi za wazee. Kila yanapozungumzwa mambo ya kurudisha wanyama katika pori la akiba la Ajai, hakosekani anayeuliza: na simba je? Nimesafiri na kuulizia, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mawindo kwanza. Vita vya 1979 na vurugu zilizofuata vilimaliza wanyama wetu. Hata vifaru weupe wa Ajai walitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Simba akikosa nyati na ngiri atakula mbuzi.

2. Waya ni adui mkubwa kuliko bunduki. Mtu anachoma tairi kuukuu, anatoa nyaya, anafunga tanzi njiani. Anatafuta nyama ya swala, lakini tanzi halichagui. Kule mbuga ya Queen Elizabeth yuko simba anayeitwa Jacob, aliyepoteza mguu wa nyuma kwa mtego. Februari 2024 watafiti walimrekodi akivuka usiku Mfereji wa Kazinga pamoja na ndugu yake Tibu, wakiogelea zaidi ya kilomita moja majini mwa mamba na viboko. Watafiti wanadhani walikuwa wakitafuta majike, maana upande wao yalikuwa machache. Watu walishangilia ushujaa ule. Mimi niliona dhiki.

3. Mfugaji aliyekata tamaa hutumia sumu. Mwaka 2018, simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, huko huko Queen Elizabeth, wanane kati yao watoto. Machi 2021 wengine sita wakakutwa wamekufa Ishasha, katika mbuga hiyo hiyo, vichwa na nyayo zimekatwa. Hao wa Ishasha, nadhani, ni habari ya biashara zaidi kuliko hasira.

4. Rwanda hawakukurupuka. Simba wa mbuga ya Akagera waliangamizwa baada ya 1994, wafugaji waliorejea nchini walipoingia na ng'ombe wao. Uzio wa kilomita zipatazo 120 ulikamilika 2013. Simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini 2015, na madume mawili yakaongezwa 2017 ili damu isiwe ya ukoo mmoja. Wamezaliana vizuri.

5. Fidia isichelewe. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaruhusu kumlipa aliyeharibiwa mali na simba, na asilimia 20 ya viingilio vya mbuga ni haki ya majirani. Lakini mama aliyepoteza mbuzi watatu ana karo ya muhula huu, si ya mwaka ujao. Viongozi wetu wa Arua na Madi-Okollo, siku mtakapotuletea mpango wa simba, tuonyesheni kwanza nani atalipa, wapi, na ndani ya siku ngapi.