Somo la 9: Kuchagua Cherehani ya Kushona Mifarishi

Usiku upepo wa ziwani hapa Nkome ni wa baridi. Mvuvi wa dagaa hurudi alfajiri akiwa ameloa. Mchimbaji wa dhahabu hulala kambini juu ya turubai. Wote wawili wanatafuta kitu kizito cha kujifunika. Wakati huo huo, chini ya meza ya kila fundi wa nguo kuna vipande vya vitenge vinavyofagiliwa na kutupwa. Pamba nayo inalimwa katika wilaya yetu ya Geita. Akina mama wa darasa letu waliyaona mambo hayo matatu wakayaunganisha. Wakaamua kushona mifarishi.

Mfarishi ni shuka nene la tabaka tatu. Tabaka la juu ni uso, nao huungwa kwa vipande vingi vya nguo. Tabaka la katikati ni ujazo. Ujazo waweza kuwa pamba iliyochambuliwa vizuri, au blanketi kuukuu lililofuliwa. Tabaka la chini ni bitana. Tabaka hizo zote hushonwa pamoja kwa mistari mingi, ili ujazo usikimbie ukakusanyika pembeni. Ukitumia pamba, mstari usiwe mbali na mwenzake kuliko upana wa kiganja. Ukiacha nafasi kubwa, baada ya kufua mara mbili utapata mabonge.

Kabla ya kuzungumzia cherehani, yafaa kujua kwamba mfarishi waweza kushonwa bila cherehani. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wako watu waitwao Siddi. Ni wazao wa Waafrika waliofika huko zamani, wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanza ukingoni, wakazunguka na sindano ya mkono mpaka katikati. Kwenye pembe huweka vipande vidogo viitwavyo phula, maana yake maua. Mfarishi usio na maua hayo kwao ni kama uko uchi. Kwa hiyo mwenye sindano na uzi aweza kuanza leo hii. Lakini kazi ya mkono huchukua siku nyingi, na kikundi kinachotaka kuuza kitahitaji cherehani. Hapo ndipo fedha ya watu huingia hatarini.

Nasema hatarini kwa sababu nililiona jambo hilo kwa macho yangu, tena lawama nyingine ni yangu. Kikundi kilikuwa kimeweka akiba mwaka mzima. Mama mmoja alikuwa ameuza mbuzi ili atimize mchango wake. Wakachagua wajumbe watatu waende Mwanza, nami nikawasindikiza. Wakati huo bado tulikuwa tunavuka Busisi kwa kivuko. Dukani tuliona cherehani nyeupe ya umeme, nyepesi, yenye kitufe cha kuzungusha kilichochorwa mishono ya kila namna. Muuzaji akashona mbele yetu kipande cha khanga. Mshono ulitoka mzuri kama uliochorwa kwa rula. Mimi ndiye niliyesema, "Tuchukue hii, ndiyo ya kisasa."

Mfarishi wa kwanza haukufika nusu. Sindano ilivunjika pale mishono miwili ilipokutana. Tukaweka nyingine, ikavunjika. Siku ya tatu cherehani ikawa inanguruma bila kwenda. Fundi wa Geita alipoifungua alituonyesha gurudumu dogo la plastiki ndani yake. Meno yake yalikuwa yamemeguka. Kipuri chake hakikupatikana. Yule mama wa mbuzi hakusema neno. Alijitwika kikapu chake akaenda nyumbani, na kwa miezi mitatu hakuonekana darasani.

Kosa letu lilikuwa moja. Tuliijaribu cherehani kwa khanga, na sisi hatukuwa tunakwenda kushona khanga.

Sasa tutazame kinachotokea sindano inaposhuka. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu hutoka kwenye kigurudumu cha uzi, ukapita katika tundu la sindano. Uzi wa chini umo ndani ya bobini. Sindano ikishuka, uzi wa juu huzungushwa bobini, na nyuzi mbili hukabana katikati ya kitambaa. Kitambaa kikiwa chembamba, kazi hiyo ni rahisi. Mfarishi ni unene mwingine. Mahali viraka vinne vinapokutana, pindo hulaliana. Chini yake kuna pamba, na chini ya pamba kuna bitana. Sindano lazima ipite yote hayo ikiwa imenyooka. Mguu wa kubana kitambaa lazima uinuke vya kutosha. Meno yaliyo chini yake lazima yawe na nguvu ya kusukuma mzigo huo mbele. Kwa kazi hii cherehani inahitaji uzito na chuma. Mishono ya maua si kitu. Mfarishi wote hushonwa kwa mshono mmoja tu ulionyooka.

Cherehani ya mkono ni ya bei nafuu na ni ya chuma. Wengi huikimbilia kwa sababu hiyo. Lakini fikiri: mkono wa kulia unazungusha gurudumu, na mkono uliobaki ni mmoja. Mkono mmoja utaliongozaje shuka zito lenye upana wa futi tano? Kwa kurekebisha nguo za watoto inatosha. Kwa mifarishi itakuchosha.

Cherehani ya miguu huiacha mikono yote miwili huru. Pia hukuwezesha kwenda polepole sana, mshono baada ya mshono, pale penye unene. Haijali kama umeme umekatika. Zilizo nyingi hapa Tanzania ni nyeusi, za vichwa vya chuma: Singer za zamani na Butterfly kutoka China. Jina la Singer linatokana na Isaac Merritt Singer, aliyepata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851. Butterfly ya kawaida yenye kichwa cheusi imefuata umbo la Singer namba 15, ndiyo maana mafundi wengi wanaijua ndani na nje. Kitu kingine kizuri ni kwamba kichwa kama hicho chaweza kufungwa mota baadaye, kikundi kikipata uwezo na umeme wa kutegemewa. Lakini usinunue jina. Karatasi yenye picha ya kipepeo yaweza kubandikwa juu ya chuma chochote.

Iko pia cherehani ya kiwandani, ile wanayotumia mafundi wa sare za shule. Ina nguvu na ina kasi. Mimi nisingeinunua kwa ajili ya wanafunzi. Inakimbia kuliko mikono ya mtu anayejifunza, inategemea umeme, na sindano zake zina shina la mviringo. Haziingiliani na sindano za cherehani ya nyumbani, ambazo shina lake ni bapa upande mmoja.

Cherehani nyepesi ya plastiki nimekwisha kuieleza.

Jambo moja wauzaji hawalitaji, na wanunuzi hawaliulizi. Ni nafasi iliyo kati ya sindano na nguzo ya kichwa, upande wa kulia. Unaposhona katikati ya mfarishi, nusu yake inakuwa upande huo. Lazima uikunje kama mkeka na kuipitisha chini ya mkono wa cherehani. Nafasi ikiwa finyu, mkunjo hubana na mistari hupinda. Kwa hiyo chukua futikamba, upime. Kati ya cherehani mbili zilizo sawa kwa mengine yote, chukua yenye nafasi kubwa.

Kama nafasi bado ni ndogo, ipo njia. Usishone mfarishi mzima kwa mara moja. Shona mraba mmoja mmoja wenye tabaka zake tatu, kila upande kama futi moja na nusu. Kisha unga miraba hiyo, na ufunike maungio kwa utepe wa kitambaa. Njia hii ndiyo tunayoitumia sasa. Ina faida nyingine: akina mama sita waweza kupiga bandi miraba sita majumbani kwao, na cherehani ikabaki ile ile moja. Ukishona mfarishi mzima, anza katikati ukielekea kingoni, la sivyo kitambaa kitajikusanya katikati kama mkate ulioumuka. Tena weka meza au benchi upande wa kushoto libebe uzito. Shuka likining'inia huvuta sindano, na sindano ikivutwa huvunjika.

Safari ya pili hatukwenda mikono mitupu. Tulibeba kipande cha majaribio tulichokishona kwa mkono: viraka vinne vya kitenge, pamba, bitana, na katikati maungio manene. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 safari ya Mwanza haina tena kungoja kivuko, lakini mara hii tulianzia Geita mjini. Cherehani iliyouzwa Geita ni rahisi kurudishwa Geita. Aliyekaa kwenye kiti alikuwa mama mkubwa kuliko wote darasani.

"Mwanangu," alimwambia muuzaji, "naomba niijaribu kwa kitambaa changu."

"Mama, hapa hatujaribu kwa vitu vizito hivyo."

"Basi, mwanangu, tutakwenda kwa jirani yako."

Akaruhusiwa. Kwanza alizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, likija upande wake. Akasikiliza kama kuna mahali linakwama au sindano inagusa chuma. Kisha akaweka sindano namba 16. Kwa kitenge kimoja namba 14 inatosha, lakini kwa tabaka nyingi namba 16 au 18 ndiyo inayostahimili. Akarefusha mshono, ipatikane kama mishono 8 hadi 10 kwa inchi moja. Akakanyaga. Alipofika kwenye maungio alipunguza mwendo, akavuka. Akaligeuza kitambaa na kutazama chini. Uzi wa juu ukionekana umelegea na kufanya vitanzi upande wa chini, haujakazwa au haukupitishwa vizuri. Hilo hurekebishwa kwa skrubu. Mshono unaoruka, yaani unaoacha pengo, ni ugonjwa mwingine. Badili sindano kwanza. Ukiendelea kuruka kwa sindano mpya iliyowekwa sawasawa, iache cherehani hiyo dukani.

Cherehani ya kwanza iliruka. Ya pili iliruka mara moja tu, lakini mama akaikataa. Ya tatu ilivuka mara tano bila kosa. Ilikuwa na mkwaruzo ubavuni, na muuzaji aliona haya kuitoa. Hiyo ndiyo tuliyonunua.

Kabla hatujalipa tuliuliza habari ya vipuri. Tulichomoa bobini tukaenda nayo duka la jirani: "Unazo kama hii?" Zilikuwapo. Tulinunua bobini sita, sindano, mkanda mmoja wa akiba na mafuta ya cherehani. Tafadhali, mafuta ya cherehani, si ya kupikia. Mafuta ya kupikia huganda yakawa kama gundi, na cherehani ikawa nzito kukanyaga. Tukachukua risiti iliyoandikwa jina la kikundi, wala si jina la mwenyekiti wala langu.

Sasa tufanye hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano. Tuseme cherehani ni shilingi 340,000. Vipuri na mafuta ni shilingi 20,000. Nauli na kubeba mzigo ni shilingi 30,000. Fedha ya matengenezo, ambayo haiguswi, ni shilingi 42,000. Jumla ni shilingi 432,000. Kikundi kina watu 12, na kila mmoja anaweka shilingi 2,000 kwa juma. Kwa juma moja wanapata shilingi 24,000. Gawanya 432,000 kwa 24,000. Watahitaji majuma 18. Kikundi kinachohesabu bei ya cherehani peke yake hufika dukani baada ya majuma 15, kikanunua, kisha kikakwama kwa kukosa sindano.

Yule mama wa mbuzi alirudi darasani juma la pili baada ya cherehani kufika. Hakusalimu mtu. Aliketi, akaweka kipande kinene kuliko vyote alichokipata nyumbani kwake, akakanyaga mpaka mwisho wa mstari. Kisha akauliza zamu yake ni siku gani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini cherehani inayoshona khanga vizuri yaweza kushindwa kushona mfarishi?
2. Shona kipande cha majaribio cha tabaka tatu. Kijaribu katika cherehani mbili za kijijini kwenu. Mmeona nini upande wa chini?
3. Kikundi kina watu 9, na kila mmoja huweka shilingi 2,000 kwa juma. Watahitaji majuma mangapi kupata shilingi 432,000?
4. Risiti ya cherehani ya kikundi chenu imeandikwa jina la nani?