Angalia Kiungo Kabla ya Mbao: Somo la Samani kwa Mkazi wa Geto

Kila Oktoba vyuo vinapofunguliwa, mafundi seremala wanajua msimu umefika. Bumu likiingia tu, mwanachuo aliyekosa hosteli anatafuta chumba, na akishapata chumba anagundua kwamba chumba ni kuta nne na taa. Kitanda, meza, kiti, rafu ya vitabu, ndoo, jiko, vyote vinasubiri hela ileile ya kula. Nimeandika somo hili baada ya wiki nane za mazoezi ya kufundisha pale Ifakara, ambako sisi wanne tulipanga vyumba Lipangalala na Viwanja Sitini tukijua tarehe ya kuondoka hata kabla hatujafungua mabegi. Ukinunua kitu ukijua utahama, unakitazama kwa jicho jingine kabisa.

Wengi wetu tukiingia kwa fundi swali la kwanza ni, "Hii mbao gani?" Swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: vipande vimeungwaje, na vinaachana vipi?

Tuanze na historia kidogo, maana watu wanadhani samani za kufungua na kufunga zimeletwa juzi ndani ya maboksi. Mwaka 1859 Michael Thonet, fundi wa huko Austria, alitoa kiti chake namba 14, cha mbao iliyopindwa kwa mvuke. Viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kupangwa kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa na kufungwa vikifika. Karibu miaka mia moja baadaye, 1956, kampuni ya IKEA ya Uswidi ilianza kuuza samani za namna hiyo. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi wake mmoja, Gillis Lundgren, aling'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, na wazo likaanzia hapo.

Lakini nenda kamusini utafute kitanda cha kamba. Utakuta matendegu manne, yaani miguu. Mifumbati miwili ya ubavuni. Vitakizo viwili, kimoja cha kichwani na kimoja cha miguuni. Kila kipande kina jina lake kwa sababu kila kipande kilichongwa peke yake. Ulimi wa mfumbati unaingia kwenye tundu la tendegu, kisha kamba ikivutwa inakaza mwili mzima. Ukilegeza kamba, kitanda kinarudi kuwa mzigo wa vijiti. Babu zetu wa pwani hawakuhitaji boksi wala karatasi ya maelekezo yenye picha. (Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta somo la msamiati, hilo hapo, bure.)

Sasa hesabu. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni kama mita 1.22 kwa 1.83. Ubao wa kichwani ukifika mita moja, kitanda kilichosimama kinakalia nafasi ya karibu mita 2.2 za ujazo. Kikifunguliwa, ukalaza kichwa, miguu, mbavu na chaga kwa pamoja, unapata robo ya mita ya ujazo hivi. Ni kama mara tisa pungufu. Kilichosimama kinataka kirikuu. Kilichofunguliwa kinapanda guta pamoja na godoro, na ndoo zako zinapata pa kukaa.

Kwa hiyo unapofika kwa fundi, piga magoti uangalie kona. Ukiona misumari, hicho kitanda kimezaliwa na kitafia hapohapo. Msumari ukishang'olewa, tundu limepanuka. Ukiurudisha, unashika hewa. Skrubu ni afadhali, lakini nayo ina siku zake: kila ukiifungua na kuirudisha, inakula mbao kidogo. Kinachotufaa sisi ni bolti inayopenya upande hadi upande, yenye washa na nati. Hapo chuma kinakaza chuma, na mbao inabanwa tu katikati. Unaweza kufungua mara kumi, unachohitaji ni spana. Mwombe fundi bolti zote ziwe za saizi moja. Usipomwambia, atatumia zilizopo kwenye kopo, nawe siku ya kuhama utazunguka mtaani ukiazima spana tatu.

Kuna pia makabati ya kitambaa, yale yenye mabomba membamba ya chuma na viungo vya plastiki, yanayokuja ndani ya boksi. Ndiyo samani ya boksi iliyoenea zaidi magetoni kwetu. Siyadharau. Ni mepesi, na kwa nguo chache yanatosha. Udhaifu wake uko kwenye vile viungo: plastiki ikipasuka, bomba halina pa kushika, na kiungo cha akiba ni nadra kukipata. Weka nguo nzito chini, usining'inize begi la vitabu kwenye bomba la juu, na kabla ya kulipa hesabu viungo vyote mbele ya muuzaji.

Zile meza na kabati za mbao za kubandika, zinazong'aa kama marumaru, zinahitaji tahadhari ya peke yake katika bonde la Kilombero. Ndani yake ni chembechembe za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi. Chembe zile zikinywa maji huvimba, gundi huachia, na hata ikikauka haisinyai kurudi ilivyokuwa. Sasa fikiria Ifakara ya Machi hadi Mei, au mto Lumemo ukifurika. Mwenzetu mmoja aliazimwa meza ya aina hiyo na jirani. Ilikaa kwenye sakafu yenye unyevu, na mwezi wa pili miguu ilikuwa imechanua kama mkate uliolowekwa chai. Aliirudisha kwa aibu, na akailipa. Ukiwa nayo tayari, iinue juu ya vipande vya tofali na uzibe kingo zisizo na plastiki kwa rangi ya mafuta. Huko chini ndiko maji yanakoingilia.

Sasa twende kwenye lile swali la mbao. Kilombero ni nchi ya mitiki. Kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianza mwaka 1992 na ina mashamba upande wa Kilombero na wa Ulanga, kwa hiyo neno "mtiki" utalisikia kila karakana. Ila jina peke yake lisikulewe. Uimara wa mtiki dhidi ya mchwa uko kwenye kiini, ile sehemu ya kahawia ya dhahabu yenye mafuta yake ya asili. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, na mti mchanga una nyeupe nyingi. Kama fedha haitoshi kiini kitupu, mwambie fundi aweke kiini kwenye miguu inayogusa sakafu, na nyeupe ikae kwenye chaga. Mninga na mkongo ni mbao za heshima, lakini bei yake si ya bumu. Mbao za paini, ambazo nyingi nchini hutoka Sao Hill kule Mufindi, zinatosha kabisa kwa rafu na meza, mradi zimekauka. Mbao mbichi utaijua: nzito kuliko umbo lake, ya baridi ukiishika. Ikikaukia chumbani kwako inajipinda, na bolti zote zinalegea.

Kwenye rafu, fizikia kidogo inaokoa hela. Vitabu vikipangwa mfululizo, ubao wa sm 90 hupinda katikati karibu mara tano ya ubao uleule wa sm 60. Na ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Maana yake, badala ya kununua ubao mnene wa gharama, ongeza mguu mmoja wa katikati. Kipande cha mabaki kinatosha, na fundi wengi watakupa bila kukudai.

Bei je? Sitaji bei za mtaa maana zinabadilika; chukua tarakimu za mfano tu. Kitanda cha misumari ni 90,000, kinavunjika mwaka unapoisha, hakuna wa kukinunua: umelalia shilingi 7,500 kwa mwezi. Cha bolti ni 180,000, unakihamisha mara mbili kwa 20,000, na baada ya miaka mitatu unamuuzia mwaka wa kwanza kwa 90,000. Umetumia 110,000 kwa miezi 36, kama shilingi 3,050 kwa mwezi. Shida ni kwamba 180,000 ya leo huna, na hapo ndipo umaskini unapokuwa ghali. Njia tuliyotumia sisi ni kuanza na godoro juu ya mkeka wa ukindu, neti juu, kisha kumlipa fundi kwa awamu: theluthi ya kianzio, theluthi ukiona mbao zimekatwa, iliyobaki kitanda kikifungwa mbele yako. Yaandikwe kwenye karatasi: vipimo, aina ya mbao, bolti ngapi, tarehe. Fundi mmoja alikataa kuandika. Tukamwaga kwa adabu.

Jambo hili linatugusa walimu kuliko wengine. Barua ya ajira ikija inaweza kusema Mlimba, ambako reli ya TAZARA inakufikisha, au Malinyi, ng'ambo ya mto. Tangu 2018 kuna Daraja la Magufuli. Kabla ya hapo mzigo wako ungesubiri kivuko. Nyumba ya mwalimu inaweza kuwepo au isiwepo.

Siku ya kufungua, chukua penseli uandike herufi kwenye kila kona: A kwa A, B kwa B, upande wa ndani usioonekana. Chaga zipe namba. Bolti, washa na nati zitie kwenye soksi kuukuu, uifunge kwenye ubao wa kichwani wenyewe, si kwenye begi. Spana ibaki mfukoni mwako.