Mwenye Boma Asubiri Mbao Zishuke Bei?

Kuanzia Chanika hadi Kibaha, kuanzia Kisongo hadi Usa River, yapo maboma mengi yaliyofungwa linta na kuishia hapo. Kuta zinanyeshewa, majani yanaota sebuleni, na ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia anangoja mbao zishuke. Anastahili kujibiwa waziwazi, kwa sababu kungoja nako kuna gharama: kuta zinachakaa na kodi ya nyumba anayopanga inaendelea kulipwa.

Cha kwanza kufahamu ni kwamba vifaa vya ujenzi havipandi bei kwa sababu moja, kwa hiyo havishuki pamoja. Saruji tunaizalisha wenyewe, Wazo Hill, Tanga, Mbeya, Mtwara. Ikiadimika, mara nyingi ni kwa sababu kiwanda kimezima mtambo kwa matengenezo au usafirishaji umekwama. Mwishoni mwa 2020 bei ilipanda ghafla hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza uchunguzi ufanyike mikoani. Kupanda kwa namna hiyo kunaweza kusubiriwa kwa wiki au miezi michache, kisha kazi ikaendelea.

Bati na nondo hutegemea sana malighafi ya chuma inayotoka nje, hivyo hufuata dola. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha ikashuka kabla mwaka haujaisha. Usitegemee duka lishushe bei siku hiyohiyo, maana mzigo uliopo dukani ulinunuliwa kwa dola ya zamani. Ukiona shilingi imeimarika, ulizia tena baada ya miezi miwili mitatu, mzigo mpya ukiingia.

Mbao ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Mbao nyingi laini tunazopaulia zinatoka Nyanda za Juu Kusini: Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete. Shamba la Miti Sao Hill, jirani na Mafinga, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Upandaji wake mkubwa ulifanyika miaka ya 1970 na 1980. Msindano unahitaji miaka kama 18 hadi 25 ili utoe mbao pana na iliyokomaa. Kwa hiyo wingi wa mbao sokoni leo uliamuliwa na waliopanda, na walioacha kupanda, miaka ishirini iliyopita. Hakuna agizo wala mkopo wa benki unaoweza kuukomaza mti kabla ya wakati wake.

Wakulima wadogo wa Njombe, Makete na Mufindi ndio waliobeba mzigo baadaye. Wamepanda mno, na mpango wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland kuanzia 2014, uliwaongezea nguvu. Mti uliopandwa mwaka huo utatimiza miaka 18 mwaka 2032. Tatizo ni kwamba wengi hawaufikishi huko. Ada ya shule ikibana, au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali, shamba linauzwa likiwa na miaka minane au kumi. Simlaumu mkulima hata kidogo; shida haisubiri. Lakini mti mchanga hutoa mbao chache na nyembamba, na shamba ambalo lingeezeka nyumba nyingi linaishia kuezeka chache. Hapohapo viwanda vya kumenya magogo kwa ajili ya plaiwudi, vilivyoongezeka maeneo ya Mafinga, vinagombea magogo yaleyale membamba.

Kisha kuna jirani. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Katazo lilitangazwa kuwa la siku 90, likaongezwa mara kwa mara, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa. Kwa miaka hiyo yote mafundi na wauza mbao wa Nairobi walilazimika kutafuta mzigo Tanzania, Uganda na Kongo. Mwenye boma wa Kibaha akajikuta anashindana na mwenye boma wa Kitengela kwa mbao za msitu mmoja. Hata sasa, Nairobi ikijenga sana, Mafinga inahisi.

Huenda umesikia kwamba Marekani bei ya mbao ilipaa na kuporomoka ndani ya miezi michache. Ni kweli: Mei 2021, katika soko la Chicago, ilivuka dola 1,600 kwa kipimo chao cha futi elfu moja za mbao, na kufikia Agosti ilikuwa chini ya 500. Lakini kule miti ilikuwepo. Kilichokosekana ni mbao zilizopasuliwa, kwani viwanda vilipunguza kazi wakati wa korona, huku watu waliojifungia majumbani wakitaka kukarabati wote kwa wakati mmoja. Viwanda vilipoongeza kazi na pupa ikapungua, bei ikaanguka. Kwetu upungufu uko shambani kwenyewe, na mporomoko wa aina ile sioni wa kuutegemea. Nafuu kubwa inaweza kuanza kuonekana miaka ya 2030, endapo miti iliyopandwa muongo uliopita itaachwa ikomae na kuepushwa na moto wa kiangazi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye boma ni huu: usingoje mwaka wa neema, ngoja msimu. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Barabara za kuingia mashambani zinageuka tope, malori yananasa, mzigo unachelewa kushuka Dar es Salaam. Tena watu wengi hukimbilia kupaua kabla mvua hazijaanza, na bei inasukumwa pande zote mbili. Kati ya Juni na Septemba njia zinapitika na mbao zinakauka vizuri. Huo ndio wakati wa kununua. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na tozo zikibadilika huanza kutumika hapo. Fuatilia bajeti inaposomwa Juni.

Ukienda kununua, beba futi ya chuma. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Mbao inayoitwa 2 kwa 4 mara nyingi haina inchi mbili wala nne. Ikiwa kamili, vipande vya futi 12 vipatavyo 53 hufanya mita moja ya ujazo. Ikiwa kweli ina inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, umepungukiwa theluthi nzima ya mti uliolipia. Nguvu yake ya kubeba bila kupinda hupungua zaidi ya hapo, zaidi ya asilimia 40, kwa sababu kimo cha mbao ndicho kinachobeba. Muuzaji wa bei ya juu mwenye mbao kamili anaweza kuwa nafuu kuliko yule wa bei ya kutupa. Pima vipande kadhaa kutoka katikati ya rundo, usipime vile vya juu tu, kisha gawanya bei kwa ujazo halisi ndipo ulinganishe.

Angalia na dawa. Mbao changa isiyo na dawa ni chakula cha mchwa, na kuibadilisha bati likiwa juu ni gharama ya kupaua mara ya pili. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo huwa imenyonya hadi ndani. Iliyochovywa au kupakwa ina rangi juujuu tu. Mwombe muuzaji akate kipande kimoja, si mwishoni bali katikati, ili uone ndani. Rangi ya kijani ikiishia kwenye ngozi, usilipe bei ya mbao ya dawa. Na fundi akikata mbao wakati wa kuunda kenchi, kila mkato mpya upakwe dawa kabla ya kupandishwa juu.

Njia ya haraka ya kupunguza gharama iko kwenye ramani. Paa lenye kona nyingi na mabonde linakula mbao na bati kwa vipande vinavyoishia kutupwa. Paa la pande mbili, au la migongo michache, linaweza kukupunguzia mzigo mkubwa kabla hujaenda sokoni. Paa la kuficha bati, ambalo sasa limeenea mijini, nalo hutumia mbao chache, ila hudai ukuta wa ziada wa kuzunguka na mifereji iliyojengwa kwa uangalifu. Mifereji ikiziba, maji yanaingia chumbani. Kenchi za chuma ni nzuri, lakini bei yake inarudi kwenye dola. Mbao za linta na mirunda ya kushikilia zege usizinunue kama utazitumia mara moja tu. Kodi, au shirikiana na jirani anayejenga.

Kama unajenga kidogokidogo kama wengi wetu, mpangilio wa kununua una maana kubwa. Anza na mbao wakati wa kiangazi. Zipange kivulini, juu ya matofali ili zisiguse ardhi, ukiweka vijiti kati ya safu na safu hewa ipite, na uzito juu ili zisijipinde. Zikikaa hivyo wiki kadhaa zitakuwa bora kuliko siku ulipozinunua, kwani mbao mbichi ikikaukia paani hujikunja na kulegeza misumari. Bati linaweza kutangulia pia, mradi lihifadhiwe pakavu, kwa sababu maji yakikaa kati ya bati na bati yanaacha madoa meupe ya kutu. Nondo hazina haraka. Saruji iwe ya mwisho, ya kazi iliyo mbele yako, kwani ikikaa zaidi ya miezi mitatu inapoteza nguvu hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Chukua risiti kwa kila ununuzi, na kama unaleta mzigo mwenyewe kutoka Mafinga au Njombe, dai kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kabla lori halijaondoka.

Jambo moja la mwisho la kumwambia kila anayeishi karibu na kazi hiyo: vipande vinavyobaki vya mbao za dawa visiwe kuni. Dawa ya kijani inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu inayobaki kwenye moshi na majivu. Mama lishe wa jirani akija kuomba mabaki ya kupikia, mpe ya mbao zisizo na dawa tu.