Mwili wa Porini, Maisha ya Mjini: Vidokezo 6 vya Kuvipatanisha

Fikiria umemleta bibi yako kutoka shamba, ukamkabidhi simu ya kisasa, lifti na foleni za mjini, yote siku moja. Akishangaa, utasema anaumwa? Mwili wako nao uko hivyohivyo. Umechongwa na maelfu ya vizazi vya wawindaji na wachuma matunda, zamani sana kabla ya chipsi mayai na bodaboda. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu, uulize kwanza: "Hili lilikuwa na kazi gani?" Twende!

1. Homa ni moto wa makusudi

Joto halipandi kwa bahati mbaya. Ubongo ndio unaolipandisha, maana baadhi ya vijidudu hudhoofu penye joto huku kinga ikichapa kazi. Kwa hiyo meza dawa ya maumivu ili upate nafuu, si kwa sababu tu kipimajoto kimesoma 38. Ila moto hauachwi bila mtu wa kuuangalia! Penye mbu, homa maana yake ni kwenda kupima malaria siku hiyohiyo. Na ya mtoto mchanga haisubiri hata chai ipoe: kituoni moja kwa moja.

2. Usivifuge vijidudu vikaidi

Unaikumbuka klorokwini, ile chungu iliyokuachia mwasho mwili mzima? Vimelea vya malaria viliishinda nguvu hadi Tanzania Bara ikaiweka kando mwaka 2001. Vilifanyaje? Dawa iliua vile vinyonge, vikaidi vikabaki na kuzaana. Ndiyo maana leo tunapewa dawa ya mseto: kimelea kinachoikwepa dawa ya kwanza kinanaswa na ya pili. Kazi yako ni ndogo tu. Tumia dozi kama ulivyoandikiwa, usimgawie jirani vidonge "vilivyobaki", na usikimbilie antibiotiki kwa mafua. Mafua ni virusi, na virusi haviijui antibiotiki.

3. Ulimi bado unatafuta mzinga

Porini sukari ilikuwa adimu, na aliyeipata aliifaidi papo hapo. Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, mpaka leo hupanda mibuyu kutafuta asali, na nyuki hawawaachi hivihivi. Wewe unafungua friji tu, nyuki hayupo! Basi usipigane na ulimi, utakushinda. Weka umbali. Soda ibaki dukani, matunda yakae mezani, na chai ipunguziwe nusu kijiko kila wiki. Uvivu wa kutoka usiku kwenda dukani utakulinda kuliko viapo vya Januari.

4. Boriti iliyogeuzwa nguzo

Laetoli, kule Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Hatua tamu, lakini uti wa mgongo uliokuwa umelala kama boriti ukalazimika kusimama kama nguzo. Unauma? Una haki! Ajabu ni kwamba Wahadzabe, kama sisi wa vitini, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, ila sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli yao inaendelea kufanya kazi. Mbinu ya haraka: kila simu inayoingia ipokee ukiwa umesimama, na ukichambua mboga, chuchumaa kidogo. Ukiwa na marafiki wengi wanaokupigia, utasimama mara nyingi.

5. Wasiwasi ni mbwa wa lindo

Mbwa mzuri hubwekea hata paka, kwa kuwa kubweka bure mara mia ni nafuu kuliko kunyamaza siku mwizi anapoingia. Hofu yako hufanya hesabu hiyohiyo. Moyo ukianza kudunda, jiulize: "Ni simba, au ni ujumbe wa bosi?" Kama si simba, toa pumzi polepole mara tano, kisha jibu ujumbe. Lakini mbwa akibweka wiki nzima bila kulala, usijikaze kisabuni. Mwone mtaalamu.

6. Ngao moja, mbili mzigo

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba kurithi jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa seli za damu, humpunguzia mtu hatari ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwetu. Ukirithi mbili, unapata ugonjwa wenyewe. Wenza wakiwa na moja moja, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye selimundu. Kwa hiyo kwenye bajeti ya harusi, kabla ya keki na mapambo, andikeni mstari mmoja: kipimo cha selimundu. MC hatakitangaza, lakini ndicho zawadi kubwa kuliko friji.

Haya, chagua kimoja tu cha wiki hii. Bibi hazoei mji kwa siku moja. Mshike mkono, mvushe barabara taratibu. Amekufikisha hapa ulipo, hashindwi kuvuka zebra tu.