Kifundo cha Gurudumu

Kaliua ni mji wa mkoa wa Tabora, katika nchi ambayo misafara ya zamani ilipita ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Siku zile nguo, shanga na pembe za ndovu zilichukuliwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifiwa sana kwa kazi hiyo. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma baada ya kupita Kaliua, na kazi ya mpagazi wa safari ndefu ikapungua hata ikakoma. Lakini reli haifiki kila kijiji. Tumbaku, asali na mahindi hutolewa vijijini kwa malori, na njia nyingi za huko ni za udongo. Wakati wa kiangazi zina vumbi. Wakati wa mvua zina matope na mashimo.

Mpagazi alipopanda kilima au kuvuka kijito, uzito wa mzigo ulitoka mabegani ukashukia nyongani. Katika nyonga, mwisho wa mfupa wa paja ni tufe, yaani umeviringana kama mpira, nao umekaa ndani ya kikombe cha mfupa. Kwa hiyo mguu waweza kwenda mbele na nyuma, tena waweza kugeuka, wala hautoki mahali pake. Motokaa nazo zina kifundo cha namna hii penye magurudumu ya mbele. Mafundi hukiita boljointi.

Boljointi ni msumari mnene wa chuma ambao kichwa chake ni tufe. Tufe hilo hukaa ndani ya kikombe chenye grisi. Kwa kawaida kikombe hushikwa na mkono wa chuma utokao chini ya motokaa, na msumari hushikwa na chuma kibebacho gurudumu. Gurudumu la mbele hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hupanda na kushuka kwa kufuata mashimo ya njia, na hugeuka kulia na kushoto kwa kufuata usukani. Bawaba ya mlango isingeweza kazi hiyo, maana bawaba huenda na kurudi kwa njia moja tu. Tufe ndani ya kikombe huiweza.

Kifundo hiki huvishwa kifuniko cha mpira, ili vumbi na maji yasiingie na grisi isitoke. Kifuniko ni kitu kidogo, lakini ndicho kilindacho kifundo chote. Kikipasuka, mchanga huingia na kuchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo husugua chuma kama msasa. Maji nayo huleta kutu. Tufe hupungua kidogo kidogo, kikombe hupanuka, na kati yake hutokea nafasi. Hapo kila shimo la njia hulipiga tufe kama nyundo, na kila pigo huongeza ile nafasi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mara nyingi kifundo kinachokwisha hutoa dalili. Ya kwanza ni mlio: hugonga upande wa mbele motokaa ipitapo shimoni au ikatapo kona. Ya pili ni usukani: motokaa huvuta upande au huyumba, ingawa njia imenyoka. Ya tatu ni tairi: hulika upande mmoja, wa ndani au wa nje. Ya nne ni kifuniko kilichopasuka na grisi iliyotapakaa.

Lakini dalili moja yaweza kuwa na sababu nyingi. Pembe ya motokaa ikibonyezwa kisha ikaachwa, nayo ikaendelea kurukaruka, huenda kosa ni la shokapu, kile chombo kitulizacho springi. Motokaa ikilala upande mmoja hali haina mzigo, springi hutazamwa. Kwa hiyo fundi mwema hakisii, bali hupima. Huisimamisha motokaa mahali tambarare, huzuia magurudumu ya nyuma, huiinua kwa jeki, kisha huweka egemeo imara chini yake, maana jeki peke yake yaweza kuteleza. Ndipo hushika tairi juu na chini na kulitikisa, huku mwenziwe akitazama kifundo. Kifundo kikicheza, kimekwisha. Gurudumu likicheza na kifundo kikatulia, beringi hutazamwa.

Kifundo kilichokwisha hakiponi kwa grisi mpya. Sharti kiondolewe na kingine kiwekwe, kisha mwelekeo wa magurudumu upimwe, la sivyo tairi jipya nalo litalika upesi.

Dereva akiyapuuza hayo, tufe laweza kuchomoka katika kikombe siku moja. Gurudumu hulala upande, motokaa huinama mbele, na usukani haufai kitu tena. Jambo hilo likitokea katika mwendo mkali, darajani au karibu na watoto waendao shule, dereva hana la kufanya.

Mpagazi alipoumia nyonga, alisikia maumivu akautua mzigo. Chuma hakisikii maumivu. Hugonga tu, na watu waliomo ndio wapaswao kusikia. Hata mtoto aliyeketi nyuma aweza kuusikia mlio huo kabla ya wengine wote, naye afanya vema akimwarifu dereva kwa adabu.

Maswali
1. Nyonga ya mtu na boljointi zafanana kwa jambo gani?
2. Kwa nini bawaba haifai kushika gurudumu la mbele?
3. Eleza jinsi kifuniko kilichopasuka kiharibuvyo kifundo.
4. Taja dalili nne za kifundo kinachokwisha.
5. Kwa nini fundi haitegemei jeki peke yake?