Safari ya Kutafuta Mtoto Ilipokatizwa: Maswali ya Wakazi wa Kinna

Kufungwa kwa mipaka wakati wa korona kulimhusuje mtu wa Kinna?

Kulimhusu sana. Urutubishaji wa mayai nje ya mwili hufuatwa mbali. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 2004, Kenya 2006, na kliniki nyingi za Kenya ziko Nairobi. Wengine huenda India. Mnamo 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa hadi 1 Agosti. India ilisimamisha zake za kawaida mwezi huohuo, ikazirejesha 27 Machi 2022.

Lakini kwa anayetoka Kinna, mpaka wa kwanza ulikuwa Thika, kwenye daraja la mto Chania. Kuanzia 6 Aprili hadi mapema Julai 2020, kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kulizuiwa. Mwishoni mwa Machi 2021 Nairobi na kaunti nyingine nne zikafungwa, hadi 1 Mei.

Si wangengoja tu?

Walioambiwa hivyo waliumia, na walikuwa na haki. Mwanamke hudungwa sindano kwa takriban siku kumi huku mayai yakipimwa kwa picha. Baada ya sindano ya mwisho, mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baadaye. Njia ikifungwa siku ya sita, dawa na fedha vimepotea. Kisha kuna umri: baada ya miaka 35 mayai hupungua kwa kasi, ubora nao hushuka. Aliyekuwa na miaka 38 ndege za kawaida za India ziliposimama alikuwa na 40 ziliporudi. Kwake, miaka hiyo miwili haifidiki.

Je, viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) vilivyokuwa vimegandishwa viliharibika?

Hapana. Huhifadhiwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kukaa muda mrefu hakuvidhuru maadamu tangi linajazwa. Ada ya kuvihifadhi ndiyo iliyoendelea kudaiwa.

Dini ya Kiislamu inasemaje?

Mufti wa Misri aliruhusu matibabu haya mwaka 1980, kwa sharti kwamba yai na mbegu ni za mke na mume walio ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Hapa korona ilileta jaribu zito: mume akifariki viinitete vikiwa bado vimehifadhiwa, wanazuoni wengi hawamruhusu mjane kuvitumia, kwa kuwa ndoa imekatika. Zungumzeni na sheikh wenu kabla ya kuanza matibabu.

Leo tujiandae vipi?

Ombeni nakala za vipimo vyote, mkae nazo nyumbani. Kabla ya kulipa, iulizeni kliniki: njia ikifungwa katikati ya sindano, nani atatupima huku tuliko? Mayai yanaweza kugandishwa? Fedha zetu zitakuwaje? Majibu yaandikwe.

Na msianze na safari, anzeni na vipimo, vya wote wawili. Mirija ya mwanamke huweza kuzibwa na maambukizi yasiyotibiwa. Mbegu za mwanamume nazo huweza kuwa chache au dhaifu. Baba, kupima mbegu ni kipimo chepesi kisicho na maumivu. Usimwache mama wa nyumba yako abebe lawama peke yake. Nenda naye, upimwe wewe pia.